Kama akili mnemba haichukui kazi za watu, mbona wanaoanza hawaajiriwi tena?

#1 Kalamu Nyekundu
Wakuu, habari za jioni. Swali liko kwenye kichwa cha uzi, maelezo ndiyo haya.

Nahariri tafsiri, mwaka wa 14 sasa. Ofisini kwetu ilikuwa kawaida kila mwaka kuchukua vijana wawili waliotoka chuo. Tuliwapa kazi ambazo wakongwe hawazigombanii: karatasi za maelekezo ya dawa, masharti ya mikataba, miongozo ya kutumia vifaa. Wanatafsiri, naweka wino mwekundu, wanarudia. Baada ya miaka mitatu hivi kijana anakuwa mtu wa kuaminika. Mimi mwenyewe nilipita hapohapo.

Siku hizi rasimu ya kwanza inatoka kwenye mashine. Hakuna aliyefukuzwa, na bosi hupenda kulisema hilo. Ila tangu tuanze mtindo huu hajaajiriwa kijana hata mmoja.

Msidhani nalalamika tu. Sentensi hii imetoka kwenye mashine leo mchana:

"Mgonjwa apewe dawa za kulevya kila baada ya saa 12, kidonge kimoja saa 2 asubuhi na kimoja saa 8 usiku, kwa kiasi kilichoonyeshwa kwenye meza hapa chini."

Mnaona wenyewe. Dawa ya kawaida imegeuzwa dawa za kulevya, na jedwali la vipimo limekuwa meza. Nimerekebisha yote mawili chini ya dakika moja, nikasonga mbele. Lakini jicho hilo nililipata kwa kufanya makosa yaleyale na kukosolewa na mzee aliyekuwa juu yangu. Nikistaafu, nani atakuwa nalo?

Watu wanahesabu waliofukuzwa. Mimi naona kipandio cha chini cha ngazi kimeng'olewa. Wajuzi karibuni.

#2 Mpita Njia
Uzi mzuri mkuu. Kabla hatujafika mbali, tuseme akili mnemba, akili unde au akili bandia? Kila nikipita nakuta jina jipya.

#3 Bomba Safi
@Mpita Njia, iite utakavyo, bomba likipasuka saa 9 usiku haitakuja kulifunga. Utanipigia mimi.

#4 Mchumi wa Usiku
Mleta mada, pole kwa hali, ila nadhani unamlaumu mtu ambaye hakuwepo.

Tazama tarehe. ChatGPT ilitoka tarehe 30 Novemba 2022. Benki kuu ya Marekani ilianza kupandisha riba Machi 2022, miezi minane kabla, na benki kuu nyingine nyingi zilikuwa njia hiyohiyo. Riba ikipanda, mkopo unakuwa ghali. Kampuni zinazoishi kwa mikopo na fedha za wawekezaji zinafunga mkanda, na wa kwanza kukosa nafasi ni yule ambaye bado hajaingia. Ongeza na hili: wakati wa Korona kampuni za teknolojia ziliajiri kupita kiasi, zikaja kupunguza baadaye. Mashine imekuta mlango umeshaanza kufungwa.

#5 Nimechelewa
Bado hamjasema la maana. Kuna utafiti wa Oxford ulisema asilimia 47 ya kazi zote duniani zitapotea. Hapo ndipo tulipo, mengine ni mapambo.

#6 Hesabu Hazidanganyi
@Nimechelewa, hapana. Utafiti huo ni wa Frey na Osborne, wa mwaka 2013, na uliangalia kazi za Marekani peke yake, aina 702. Hawakusema zitapotea. Walisema asilimia 47 ya ajira ziko kwenye kundi la hatari kubwa ya kuweza kufanywa na mashine, na hawakutoa tarehe ya hakika. Mwaka 2016 watafiti wengine, kupitia OECD (shirika la uchumi la nchi tajiri), wakagawa kila kazi kwenye vipande vyake badala ya kuihesabu nzimanzima. Wakapata asilimia 9. Swali lilelile, tofauti ni namna ya kukata.

Nami naegemea upande huo wa vipande. Mimi ni mhasibu. Programu ya kwanza ya lahajedwali (jedwali la hesabu, kama Excel ya leo) kwa kompyuta ndogo, VisiCalc, ilitoka 1979. Kabla yake ulibadilisha tarakimu moja kwenye bajeti, karani anakaa kutwa nzima kujumlisha upya kwa mkono. Makarani wa vitabu wakapungua kweli. Wahasibu na wachambuzi wakaongezeka, kwa sababu hesabu ikiwa rahisi watu wanauliza maswali mengi zaidi ya hesabu.

#7 Kalamu Nyekundu
@Mchumi wa Usiku, hoja ya riba naielewa na sina haraka ya kuikataa. Ila ofisi yetu haina mkopo wala mwekezaji, na kazi zinazoingia zimeongezeka. Kazi zinaongezeka, vijana hawaingii. Riba inaelezaje hilo?

@Hesabu Hazidanganyi, shukrani kwa kuweka sawa takwimu. Lakini hebu tujibu: wale wahasibu walioongezeka, wengi hawakuanza kama makarani?

#8 Sauti ya Pili
Nimekuwa nasoma kimyakimya, hili limenigusa.

Nilifanya kazi kituo cha huduma kwa wateja miaka tisa. Kuna utafiti mkubwa kuhusu kazi yetu, wa Brynjolfsson, Li na Raymond, ulitoka 2023. Walifuatilia wahudumu zaidi ya 5,000 waliopewa mashine inayowapendekezea majibu wakati wanaongea na mteja. Kwa wastani kila saa walimaliza matatizo ya wateja kwa asilimia 14 zaidi. Wageni kazini walipanda asilimia 34. Wakongwe, karibu hakuna kitu. Kwa hesabu hiyo mashine inamsaidia anayeanza kuliko mtu yeyote, kinyume na anavyosema mleta mada.

Sasa niwaambie ilivyo ukiwa ndani. Mashine ile haikushuka na hekima yake. Ilifundishwa kwa mazungumzo ya wahudumu waliofanya vizuri. Kuna maneno yangu niliyoyazoea mteja akipiga kwa hasira: "Pole sana, nimekusikia. Hebu tuanze ulipoanzia, tuone kilikwama wapi." Nilijifunza mwenyewe, baada ya kutukanwa sana, kwamba neno "tuone" linamtuliza mtu kwa sababu anajua hayuko peke yake. Siku moja nimesimama nyuma ya binti mwenye wiki mbili kazini, sentensi ikatokea kwenye skrini yake, neno kwa neno. Akaibonyeza, mteja akatulia.

Nilifurahi kwa ajili yake. Kisha nikarudi kwenye kiti changu nikajiuliza, na mimi napata nini? Mshahara wangu ulikuwa juu kwa sababu ya maneno yale. Sasa anayo kila mtu. Mkataba ulipoisha niliambiwa wageni "wanafikia kiwango haraka", hivyo nafasi yangu haihitajiki.

Kwa hiyo mleta mada unaona kipandio cha chini kimetoka. Kwangu kilitoka cha juu.

#9 Mpita Njia
@Sauti ya Pili, dada yangu, pole sana. Hii imeniuma.

#10 Karani wa Sheria
Pole dada. Kwa upande wetu kazi ya vijana ilikuwa kutafuta hukumu za zamani na kuzifupisha. Mashine inafanya kwa sekunde. Tatizo ni kwamba ikikosa hukumu, inatunga. New York mwaka 2023, kesi ya Mata dhidi ya Avianca, mawakili waliwasilisha hukumu ambazo hazijawahi kuwepo, zimetungwa na ChatGPT, zina hadi majina ya majaji. Jaji akawatoza faini ya dola 5,000.

Jambo linalonikera ni kwamba kuhakiki hukumu moja kunataka mtu aliyesoma mia. Nani atasoma mia siku hizi?

#11 Mshona Msimbo
Nami niongeze la kwetu watengeneza programu. Shirika la METR, linalopima uwezo wa akili mnemba, lilifanya jaribio mwaka 2025. Madevelopa 16 wazoefu, kazi 246, baadhi kwa msaada wa akili mnemba na baadhi bila. Kabla ya kuanza walikisia itawaokolea asilimia 24 ya muda. Walipomaliza walisema imewaokolea asilimia 20. Saa ilisema vingine: walichelewa kwa asilimia 19.

Kwa hiyo hata faida yenyewe mnayoigombania huenda haipo. Mabosi wanaacha kuajiri kwa kuamini hisia.

#12 Hesabu Hazidanganyi
@Mshona Msimbo, tarakimu zako ni sahihi, ila umezivuta mbali. Wale 16 walikuwa wanafanyia kazi miradi mikubwa wanayoijua kwa miaka, wanakijua kila kichochoro, kwa zana za mwanzoni mwa 2025. Watafiti wenyewe walionya wasomaji wasiipeleke kwa kila developa na kila kazi. Na ukiiweka karibu na ule wa @Sauti ya Pili, hazigombani: mkongwe hapati kitu au anapoteza, mgeni anapata.

#13 Mshona Msimbo
Sawa mkuu, nakubali nilikimbia. Lakini kama mgeni ndiye anayefaidika, mwajiri mwenye akili angejaza wageni, maana sasa kijana wa bei nafuu anafanya kazi ya mkongwe. Mbona hawafanyi hivyo?

#14 Kalamu Nyekundu
Hilo ndilo swali langu tangu mwanzo, umeliuliza vizuri kunizidi.

#15 Mchumi wa Usiku
Narudi. Jibu moja kwa @Mshona Msimbo: inategemea mashine iko wapi. Ikikaa pembeni ya mgeni kumnong'oneza, mgeni anapanda thamani. Ikikaa kwenye kiti chake, hana pa kukaa. Kituo cha @Sauti ya Pili kilichagua la kwanza, ofisi ya mleta mada ikachagua la pili. Mashine ni ileile.

Na kwa haki, niweke utafiti unaonipinga. Agosti 2025, Brynjolfsson yuleyule na wenzake wa Stanford walitazama kumbukumbu za mishahara za ADP, kampuni inayoshughulikia mishahara ya waajiri wengi huko Marekani. Vijana wa miaka 22 hadi 25 kwenye kazi zinazoguswa zaidi na akili mnemba, kama uandishi wa programu na huduma kwa wateja, ajira zao zilishuka kwa asilimia 13 ukilinganisha na wengine. Wakubwa kwenye kazi hizohizo hawakushuka. Maelezo yao ni kwamba mashine inajua yaliyoandikwa vitabuni, ambayo ndiyo mtaji wa kijana, lakini haijui yale ya uzoefu.

Mimi bado nasema riba imo humo.

#16 Hesabu Hazidanganyi
Mkuu, waliliangalia hilo. Walilinganisha vijana na wakubwa ndani ya kampuni ileile. Kama kampuni imebanwa na riba, imebanwa kwa wote.

#17 Mchumi wa Usiku
Kampuni ikibanwa haimfukuzi mkongwe, inaacha kumchukua mpya. Riba nayo inampiga kijana kwanza. Kwa hiyo kulinganisha vijana na wakubwa hakunitoi kwenye hoja yangu.

#18 Nimechelewa
Haya, nimesahihishwa na nimekubali. Ila yule profesa Hinton, mtafiti wa akili mnemba aliyepata Nobel 2024, si alisema 2016 tuache kufundisha madaktari wa radiolojia, kwamba ndani ya miaka mitano mashine itawapita? Kaka mmoja nilisoma naye aliacha kuomba fani hiyo kwa sababu ya maneno hayo.

#19 Picha za Kifua
Mimi niko idara hiyo, ni mpiga picha za X-ray, si daktari. Hinton alisema hivyo kweli, akaongeza huenda ikawa miaka kumi. Miaka mitano ilipita na madaktari hao bado wanatafutwa kwa tochi.

Niwaonyeshe kwa nini. Mashine inapewa picha moja na swali moja: kuna uvimbe au hakuna? Inajibu vizuri, mara nyingine kuliko mtu. Lakini daktari wetu akishika picha anauliza kwanza ilipigwa mgonjwa amesimama au amelala. Moyo huonekana mkubwa mgonjwa akipigwa picha amelala. Anafungua picha ya mwaka jana aweke pembeni. Anainua simu kumuuliza daktari wa wodini kwa nini hasa aliomba picha. Halafu anaweka sahihi, maana yakitokea ya kutokea ni jina lake. Kusoma picha ni kipande tu cha siku yake.

Tena picha zenyewe zimeongezeka. Kifaa kinasoma haraka, basi madaktari wanaagiza nyingi zaidi.

#20 Bomba Safi
Wakuu, nilianza kwa utani, sasa niseme kweli. Mimi naitumia hiyo akili mnemba kila jioni. Makadirio ya kazi yalikuwa yananichukua muda mrefu kwa sababu mkono wangu wa kuandika si mzuri. Sasa naongea kwenye simu, inaniandikia karatasi safi, mteja ananiheshimu. Kazi zimeongezeka.

Ninachoogopa ni kingine. Vijana wenye shahada wameanza kuja kuniomba niwafundishe ufundi. Nawakaribisha. Lakini wakija wote, mabomba hayataongezeka.

#21 Karani wa Sheria
@Bomba Safi, umeigusa sehemu ambayo wachumi wetu hawajaigusa. Kila mtu anasema "nendeni kwenye kazi za mikono". Hans Moravec, mtaalamu wa roboti, aliliona tangu 1988, kwamba yaliyo magumu kwetu, kama mchezo wa drafti na mitihani ya akili, ni rahisi kwa mashine, na ya mtoto wa mwaka mmoja, kama kuona na kutembea, ndiyo magumu. Ila kazi kuwa ngumu kwa mashine haina maana italipa vizuri watu wakijazana humo.

#22 Mpita Njia
Na ile hadithi ya mashine za kutolea pesa? Niliambiwa zilikuja na wahudumu wa benki wakaongezeka. Kwa nini tusiamini itakuwa hivyo tena?

#23 Mchumi wa Usiku
Ni kweli, ila huwa inasimuliwa nusu. Mashine ya kwanza ya Barclays ilifunguliwa Enfield, London, Juni 1967. Marekani zilipoenea, tawi la mjini lililokuwa na wahudumu kama 21 likabaki na kama 13, kati ya 1988 na 2004. Tawi likawa nafuu kuendesha, benki zikafungua matawi mengi zaidi, jumla ya wahudumu ikapanda. Nusu ya pili: ilipokuja benki kwenye simu ya mkononi, watu wakaacha kwenda tawini kabisa, na wahudumu wakaanza kupungua. Mashine ya kwanza ilifanya kipande cha kazi. Simu iliondoa sababu ya tawi kuwepo.

Hatujui akili mnemba itafuata nusu ipi, na huenda ikawa tofauti kwa kila kazi.

#24 Sauti ya Pili
Kwetu ilikwenda mbele na kurudi. Klarna, kampuni ya malipo ya Sweden, Februari 2024 ilitangaza kwamba mashine yake inafanya kazi ya wahudumu 700. Mwaka uliofuata mkurugenzi wake mwenyewe akasema ubora ulishuka, wakaanza kutafuta watu tena. Niliposoma nilifikiria wale waliokwisha kuondoka. Nafasi ikirudi, sidhani inarudi kwa mtu yuleyule na mkataba uleule.

Ndiyo maana nawaheshimu waandishi wa filamu wa Marekani. 2023 waligoma siku 148, na mkataba waliopata unasema kampuni haiwezi kumlazimisha mwandishi kutumia akili mnemba. Wao hawakusubiri wachumi wakubaliane. Lakini wao wana chama. Sisi tulikuwa na kundi la ujumbe la kupongezana siku za kuzaliwa.

#25 Mshona Msimbo
Naunga mkono. Na ningeongeza hoja ya @Kalamu Nyekundu iwe ya mikataba: ofisi ikitumia mashine kwa kazi ya kuanzia, iwe na idadi ya wanafunzi wa kazi inayolazimika kuwa nao. Sijui nani atalipa.

#26 Mchumi wa Usiku
Hapo ndipo ugumu. Ukimfundisha kijana miaka mitatu, jirani yako anamchukua akiwa ameiva. Zamani kijana alijilipia mafunzo yake kwa kufanya zile kazi ndogondogo. Kazi ndogondogo zikienda kwa mashine, mafunzo yanabaki gharama tupu. Kila ofisi inasubiri nyingine ifundishe.

#27 Jicho la Tatu
Habari wakuu, ni mara yangu ya kwanza kuandika humu. Nimemaliza shahada ya isimu, nimeomba kazi za tafsiri tangu mwaka jana, sijaitwa kwenye usaili hata mmoja. Nimesoma uzi wote.

@Kalamu Nyekundu, samahani mzee wangu, naomba kuuliza kuhusu ile sentensi ya #1. Umesema umerekebisha mawili. Inasema "kila baada ya saa 12", halafu inasema saa 2 asubuhi na saa 8 usiku. Kutoka saa 2 asubuhi hadi saa 8 usiku ni saa 18, na kutoka hapo hadi saa 2 asubuhi ni saa 6. Nadhani mashine ilibadilisha saa ya asubuhi kwenda hesabu yetu, ikaiacha ya usiku kama ilivyokuwa. Au nimekosea?

#28 Mpita Njia
Nimerudi juu kuisoma. Duh.

#29 Kalamu Nyekundu
Nimefungua matini asilia sasa hivi. Hujakosea. Ni saa 2 usiku.

Niliona makosa mawili ya wazi, nikayaondoa, sentensi ikasomeka vizuri, jicho likapita. Angekuwepo kijana aliyeitafsiri kwa mkono, angelazimika kuhesabu saa zile mwenyewe, na mimi ningemuuliza amezipataje. Faili inakwenda kuchapwa kesho asubuhi. Nimeshamwandikia msimamizi aisimamishe, na usiku huu naipitia yote upya, ukurasa kwa ukurasa.

Asante sana mwanangu. Nitumie ujumbe wa faragha na barua yako ya maombi. Siwezi kukuahidi nafasi, sina mamlaka hayo. Nitaiweka mezani kwa bosi pamoja na sentensi hii.

#30 Bomba Safi
Bosi akikataa, @Jicho la Tatu, mwanafunzi anayehesabu saa hivyo namhitaji hata kwenye mabomba.

#31 Mchumi wa Usiku
Hongera kijana. @Kalamu Nyekundu, tukimaliza hili, ile hoja yako ya #7 nimeifikiria: kazi zinaongezeka, vijana hawaingii, na hakuna mkopo. Je, wateja wenu wanalipa kwa neno bei ileile ya zamani, au wameshusha kwa kuwa wanajua rasimu ni ya mashine? Maana kama wameshusha, anayeamua hapo ni mteja, na bosi wako anafuata tu.

#32 Kalamu Nyekundu
Wameshusha. Karibu nusu. Nikimaliza kurasa hizi nitarudi tuliongelee.